Mtu Aliyekiri Kukalia Gemu

Mtuhumiwa alikuwa amekwisha kukiri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipoingia nyumbani kwa mdogo wake. Katika kazi yake ya upelelezi alikuwa amewahoji wezi wa magari, matapeli wa viwanja, na bwana mmoja aliyekana hata jina lake mwenyewe. Wote hao, kuwatoa neno kulikuwa kama kung'oa gego. Sasa huyu shemeji yake, Fundi Bomba, mtu mpole hata kuku wa jirani hawakumwogopa, alikuwa amekiri kabla hajaulizwa.

"Niliikalia," alisema, akiitazama meza. "Ni uzembe wangu, shemeji. Hakuna la kupeleleza hapo."

Juu ya meza kililala kielelezo chenyewe cha kesi: gemu ya mkononi, ile ya kushika kwa mikono miwili, vitufe kulia na kushoto na kioo katikati. Inspekta aliiwasha. Sauti ya muziki ikatoka, lakini kwenye kioo doa jeusi lilikuwa limetambaa kutoka pembe ya chini likameza karibu kila kitu, kama wino uliomwagika ndani ya maji.

Ingekuwa gemu nyingine yoyote, mtu angeguna, angesikitika, na maisha yangeendelea. Lakini hii ilinunuliwa na marehemu baba yake Chiriku, yule mtoto wa mdogo wake Inspekta, na baba na mwana walikuwa wakinyang'anyana kila jioni mpaka mama mtu anazima taa. Baba alipofariki mtoto alibaki nayo. Kisha mama akaolewa na Fundi Bomba, na mtoto, polepole sana, akaanza kumzoea: leo anamsalimia, kesho anamcheka, keshokutwa anamfundisha kucheza. Ndipo kioo kikaharibika, na Fundi Bomba akasema ni yeye. Tangu hapo Chiriku hakumtupia neno. Akikaa mezani, mtoto anainuka na sahani yake.

Na sasa Fundi Bomba alikuwa amekubali kazi ya mabomba kwenye jengo moja huko mbali. Angeondoka kesho asubuhi, eti mpaka mtoto atulie.

"Akiondoka hivi, dada, harudi," mdogo wake alikuwa amemwambia kwa simu, sauti ikikwaruza. "Namjua. Atatuma salamu, atatuma zawadi, yeye mwenyewe hatarudi. Njoo kama dada yangu, ila uje na akili ya kazini."

Basi Inspekta alivuta kiti, akakaa, akaleta akili ya kazini.

"Ulikaa wapi?"

"Kwenye kochi."

"Ilikuwa imelala chali au kifudifudi?"

"Chali." Fundi Bomba alijikuna shingo. "Hapana, kifudifudi."

"Ipi sasa?"

"Kwa kweli sikuangalia, shemeji. Mtu akikaa, anakaa."

"Ukasikia nini?"

"Kra."

"Kra?"

"Kama mtu amevunja biskuti."

Inspekta aliigeuza gemu chini juu, akaipitishia kidole kila upande. Kioo cha nje hakikuwa na ufa. Ganda lake la plastiki halikupinda hata unywele. Akamwangalia shemeji yake, mtu wa kujaza mlango, na kochi lililokuwa limekwisha kubonyea upande anaopenda kukaa. Mtu wa mwili ule akikalia kitu, kitu hicho hakibaki salama nje kikafia ndani. Alilihifadhi hilo kichwani bila kusema.

"Nani mwingine alikuwa nyumbani?"

"Mke wangu alikuwa kazini, mtoto shuleni." Akasita. "Baba alikuwepo. Lakini alikuwa amelala. Mzee alikuwa amelala fofofo, nilimfunika mwenyewe."

Hapo sikio la Inspekta lilisimama. Hakuna aliyeuliza kama Mzee alikuwa macho au usingizini. Mtu anapojibu swali ambalo hajaulizwa, ujue ndilo analoliogopa. Lakini Mzee ni baba yake Inspekta, mkongwe wa kukaa chumba cha nyuma na redio yake, na kumfikiria vibaya kulikuwa kama kumkagua mtume. Akaliacha.

"Asante, shemeji. Usitoke mjini."

"Nasafiri kesho."

"Ndiyo maana nimesema."

Fundi Bomba aliondoka kwenda kupanga vyombo vyake. Begi lake la kazi lilikuwa wazi karibu na mlango, na juu kabisa kulikuwa na tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba, imeanza kutumika.

Chiriku alikuwa chumbani kwake, amekaa kitandani na magoti kidevuni. Jina hilo alilipata kwa sababu tangu ajue kusema hakuna mtu nyumba ile aliyesikia taarifa ya habari mpaka mwisho. Leo alikuwa kimya, na kimya chake kilimuuma Inspekta kuliko alivyotarajia.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kikazi. Utanijibu ukweli mtupu?"

"Kwani mimi ndiye mshtakiwa?"

Kumbe bado yumo. Inspekta alibana tabasamu. "Wewe ni mlalamikaji. Kabla haijaharibika, gemu yako ilikuwa na shida yoyote?"

"Kitufe cha kurukia kilikuwa kinanata. Ukikibonyeza hakirudi juu, mtu wako anaanguka shimoni."

"Ulimwambia nani?"

"Kila mtu. Nilimwambia Mama, nikamwambia Babu, nikamwambia na huyo."

"Na sasa kinanata?"

Chiriku aliichukua gemu mkononi mwa Inspekta, akabonyeza. Akabonyeza tena, haraka haraka. Kitufe kikawa kinaruka juu chenyewe kwa furaha.

"Hakinati," alisema, macho yamemtoka.

"Tangu lini?"

"Sijui. Tangu kioo kife sijaigusa."

Ajabu ya Musa hiyo. Kwamba shemeji yake aliikalia gemu akavunja kioo, haya, yawezekana. Lakini kwamba alikivunja kioo na papo hapo akatibu kitufe, makalio hayo yangestahili kufungua zahanati. Mtu alikuwa ameifungua gemu hii. Ameingia ndani, amesafisha kitufe, na ametoka.

"Niazime nikaibadilishie kioo," alisema.

"Alama zetu zitafutika?" Mtoto hakumwangalia. "Zangu na za Baba. Zimo humo ndani zote."

"Nitauliza kabla fundi hajagusa kitu."

"Usimwache nayo peke yake."

"Sibanduki."

Fundi wa simu wa mtaa ule alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa miwani ya kukuza kwenye paji la uso, na watu wote walimwita Dokta. Chumba chake kilibanwa kati ya duka la viatu na mahali pa kutoa kopi, na ndani yake simu zilizokufa zililala kwenye rafu zikingoja zamu. Dokta alikuwa na mazoea ya kusema nazo.

"Afande! Leo umekuja kukamata au kutibiwa?"

"Nimeleta maiti. Nataka uifufue, na uniambie iliuawaje."

Dokta aliipokea gemu kwa mikono miwili, akaiwasha, akasikiliza muziki wake, akatikisa kichwa. "Kioo cha ndani kimepasuka, pole mama. Cha nje kizima. Kioo chake ninacho, kimekaa humu mpaka nilidhani hakuna atakayekiuliza."

"Ukibadilisha, mambo ya mtoto yaliyomo yatapotea?"

"Kioo ni dirisha tu. Ukibadilisha dirisha, vitanda vinahama? Vitu vyake viko kwenye bodi huku nyuma, sivigusi."

Dokta aliilaza gemu kifudifudi juu ya kitambaa, akashusha miwani, akachagua bisibisi nyembamba. Kisha akaganda.

"Nani ameifungua hii kabla yangu?"

"Wenyewe wanasema haijawahi kufunguliwa."

"Imefunguliwa, tena na mtu mwenye adabu zake. Hebu inama hapa." Alisogeza taa. "Kila kichwa cha skrubu kina msalaba, sivyo? Kiwandani mashine inakaza tu, msalaba ukilala, ukisimama, shauri yake. Hata mimi sihangaiki. Sasa tazama hizi."

Inspekta alitazama. Misalaba yote ilikuwa imesimama wima, pembe kwa pembe, kama askari siku ya gwaride. Kuna kitu kilimgusa mahali fulani kichwani, kikapita bila kusimama.

Dokta alianza kufungua. Skrubu ya kwanza ilitoka laini. Aliinyanyua kwa kibano akaisogeza kwenye mwanga, na katikati ya nyuzi zake kulikuwa na kitu cheupe, kimejaa kama ukoko kwenye kucha. Ya pili vilevile, na zilizofuata.

"Gundi?" Inspekta aliuliza.

"Si gundi yetu."

Inspekta aliiona tena akilini ile tepu nyeupe juu ya begi la shemeji yake. Nani huzungushia nyuzi kitu cheupe kabla ya kukaza? Fundi bomba. Basi hadithi ilijikamilisha yenyewe: shemeji alitaka kumfurahisha mtoto, akafungua gemu kimya kimya, akatengeneza kitufe, akaua kioo. Kisha akatunga kochi, maana kukalia ni ajali, lakini kufungua kitu cha marehemu bila ruhusa ni kujitia kimbelembele. Yote yaliingiana. Na alipoona yameingiana, Inspekta alijisikia vibaya, kwani alikuwa ameshaanza kumpenda yule mtu.

"Hii inagoma," Dokta alisema. Alikuwa kwenye skrubu ya mwisho, pembe ya chini. Alikaza mkono, akaguna, ikaachia kwa shida. Alipoiweka pamoja na wenzake, ilionekana ndefu kuliko jirani zake. "Haya. Huyu hapa muuaji wako."

"Nieleze kama mtoto mdogo."

"Skrubu hazilingani. Pembe hii ni ya fupi, kwa sababu mgongo wa kioo uko hapo hapo chini yake. Aliyefunga alichanganya, akaweka ndefu." Dokta alifungua ganda la nyuma, akachomoa betri kwanza, akanyanyua utepe wa waya kwa ncha ya kucha, akapuliza hewa ya moto pembeni mpaka gundi ikalegea. Kioo kilichokufa kikatoka kizima kizima. Akakigeuza. Mgongoni, pembe ile ile, palikuwa na kibonyeo kidogo, na wino wote ulikuwa umeanzia hapo. "Lakini kuna jambo silielewi. Angeiacha ilipokaza, pengine kioo kingepona. Tazama alama, ameizungusha tena kidogo, mwishoni kabisa. Ilikuwa imeshakaza. Alikuwa anatafuta nini?"

Inspekta aliangalia zile skrubu. Kile kilichompita kichwani kilirudi, na safari hii kilisimama.

"Alitaka msalaba usimame kama wenzake," alisema taratibu.

"Nani ana muda huo?"

"Nipe tone la maji."

Dokta alimtilia maji kwenye kifuniko cha chupa. Inspekta alitia skrubu moja ndani, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Tepu ya bomba ingebaki tepu. Hii iliteleza, ikalainika, kisha ikatoa povu, povu dogo jeupe likamjaa vidoleni. Alinusa. Sabuni ya kufulia, ile ya mche.

Alikaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa.

Mawazo yalimrudisha nyuma: alikuwa mtoto, amesimama kwenye karakana ya baba yake katikati ya maranda ya mbao, na kazi yake ilikuwa kushika kipande cha sabuni. Baba yake anachoma skrubu kwenye sabuni, anaizungusha mara moja, anafuta kwa kidole gumba, ndipo anaipeleka kwenye mbao ngumu, nayo inaingia bila kelele. Akimaliza anarudi nyuma, anafumba jicho moja, na kama kichwa kimoja cha skrubu kimekaa upande anakizungusha kidogo kisimame. Mlango unaangaliwa na wageni, alikuwa akisema. Hakuna seremala mwingine Inspekta aliyewahi kumwona akifanya yote mawili.

Kisha mikono ya baba ikaanza kutetemeka. Siku moja alijikata. Familia ikakaa kikao, Inspekta akiwa mwenyekiti, na msumeno, randa na patasi vikaenda kwa fundi mwingine. Wakamwachia kiboksi cha bisibisi ndogo, za kujiliwaza.

"Afande, unalia?"

"Nina shemeji mwongo," Inspekta alisema, akajifuta kwa kiwiko maana vidole vilikuwa na sabuni. "Mwongo asiyejua kudanganya. Kra kama biskuti! Mtu mzima anasema kra!"

Dokta hakuelewa kitu, lakini mtu wa kazi yake huzoea kuona watu wakililia mashine. Akaendelea na mgonjwa wake. Alikwangua gundi ya zamani, akafuta vumbi, akaingiza utepe wa kioo kipya mpaka ukajibu tik, akarudisha betri na kuwasha kabla ya kufunga. Kioo kikawaka. Rangi zote zikarudi kwa pamoja, na mtu mdogo wa kwenye gemu akasimama ukingoni mwa shimo, anangoja kurushwa.

"Nifunge?"

"Usifunge," Inspekta alisema. "Ganda liweke tu juu. Skrubu unipe mkononi, fupi na ndefu mbalimbali."

Aliporudi, alipitia uani kwanza, akaokota kipande cha sabuni kwenye beseni la kufulia. Baba yake alikuwa chumba cha nyuma, kwenye kiti chake, redio inaongea peke yake. Inspekta alizima redio, akatandika kitambaa mezani, akapanga: gemu kifudifudi, skrubu kwenye kifuniko, bisibisi, na ile sabuni, ameiweka pembeni kama imesahauliwa.

"Baba, nisaidie kuifunga hii. Fundi kaniachia, na macho yangu kwa vitu vidogo siku hizi ni bure."

Mzee aliiangalia gemu, akamwangalia binti yake, akaiangalia tena gemu. "Imepona?"

"Imepona. Hiyo ndefu usiiweke pembe ya chini, pana madhara."

Mzee alisogeza kiti. Mkono wake ulitetemeka njia nzima kwenda kwenye kifuniko, lakini uliposhika skrubu ulitulia, kama mtu aliyefika kwake. Aliichukua ile skrubu, na bila hata kuangalia akaichoma kwenye sabuni, akaizungusha mara moja, akaifuta kwa kidole gumba.

Hapo akasita. Skrubu ilikuwa hewani.

"Wewe ni mtoto mbaya sana," Mzee alisema mwishowe.

"Nimelelewa na wewe."

"Umenitegea kama panya!"

"Panya angekataa, Baba. Wewe umeingia mwenyewe na mkia."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaisha na macho yamejaa. Aliweka skrubu chini. "Mtoto alikuwa analalamika kitufe. Kila mtu anamwambia subiri, subiri. Nikasema, mimi niliyefunga milango ya nusu ya mji huu nitashindwa na kitufe? Nikakifungua, nikakisafisha na kitambaa." Aliinua kichwa. "Kitufe nilikitengeneza! Mlikijaribu?"

"Kinaruka kama panzi."

"Enhe!" Uso wa Mzee uliwaka, halafu ukazima. "Nilipomaliza kukaza, nikaona weusi unatambaa. Nikaita, mkwe wangu akaja mbio. Alinikuta nalia, mwanangu. Mzee mzima. Akaninyang'anya gemu, akasema, Baba, wewe nenda ukalale, hukuiona hii. Akanifunika shuka mpaka kidevuni, mchana kweupe, na joto lile."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Aliisukuma bisibisi kwa ncha ya kidole. "Mlichukua msumeno. Mkachukua randa. Nikasema, wakijua hili watachukua na hizi, na nitakuwa mzee wa kuhamishwa tu, kutoka kiti cha ndani kwenda kiti cha nje kufuata kivuli. Nikaona haya. Ndiyo hivyo. Niliona haya nikamwachia mtu mwingine mzigo wangu."

Kama mpelelezi, Inspekta alikuwa amemaliza kazi. Kama mtoto, alisogea karibu na baba yake.

"Hakuna atakayegusa bisibisi zako. Kikao kile nilikiongoza mimi, na nilikuwa nimeogopa ile damu, Baba, sikufikiri vizuri. Lakini wewe nawe kuna jambo hujaambiwa. Shemeji anaondoka kesho asubuhi."

"Anakwenda wapi?"

"Kazi ya mbali. Anasema anampisha mtoto atulie. Mdogo wangu anasema harudi."

Mzee alishika mikono ya kiti akainuka mwenyewe, bila kungoja mtu wa kumshika kwapa.

"Waite wote sebuleni," alisema. "Na wewe usiniongelee. Nina mdomo."

Walikusanyika. Mdogo wake Inspekta alisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi. Fundi Bomba alikuja na shati moja ambalo hakuwa amemaliza kulikunja. Chiriku alikaa kwenye mkono wa kochi, mbali naye, na mara moja akaiona gemu mikononi mwa babu yake, kioo chake kinang'aa.

"Mjukuu wangu," Mzee alisema, amesimama, "huyu bwana hakukalia gemu yako. Niliiharibu mimi. Niliifungua bila kukuuliza, nikachanganya skrubu, nikaua kioo. Yeye alinikuta nalia, akalichukua kosa langu akajivika. Nami nikaona unavyomnunia, siku baada ya siku, nikanyamaza. La kuharibu ni bahati mbaya. La kunyamaza ni kosa, na hilo naomba unisamehe. Nawe mkwe wangu, nisamehe."

"Baba," Fundi Bomba alisema, anajaribu kuingilia, "haikuwa lazima..."

"Nyamaza na wewe! Huko kunyamazisha watu kwako ndiko kulikotufikisha hapa."

Mdogo wake Inspekta alijiziba mdomo na kitambaa. Chiriku alitelemka kwenye kochi, akamwendea babu yake, akamshika kiunoni. Alikaa hivyo muda, kichwa tumboni mwa Mzee, na Mzee akawa anampapasa nywele kwa mkono wake unaotetemeka, anarudia tu, "Basi, basi."

Halafu mtoto aligeuka. Uso wake haukuwa wa kusamehe hata kidogo.

"Kwa hiyo hukuikalia," alimwambia Fundi Bomba.

"Sikuikalia."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Na nikakuchukia bure! Nilikuwa nakuchukia mpaka tumbo linauma. Kwa nini ulisema ni wewe?"

Fundi Bomba alilizungusha lile shati mikononi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Inspekta aliona mtu anayejiandaa kusema kweli, na hakuna dalili rahisi kutambua kama hiyo.

"Babu yako anakupenda sana," alisema. "Nikaona ukimkasirikia yeye, atavunjika. Mimi nilikuwa bado mgeni kwako. Nikasema, mimi sina kitu cha kupoteza hapa."

"Ulikuwa nacho," Chiriku alisema.

Fundi Bomba akakaa chini pale pale aliposimama, sakafuni, mtu wa kujaza mlango, akafunika uso kwa lile shati. Mabega yalikuwa yanacheza. Mkewe alitaka kumwendea, Inspekta akamshika mkono.

Chiriku alimwendea yeye. Alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akingoja amalize kulia, kama mwalimu anayemngoja mwanafunzi atafute daftari. Alipoona hamalizi, alikwenda kwenye meza, akachukua simu ya Fundi Bomba, akamletea.

"Mpigie yule wa kazi ya mbali."

"Nimpigie?" Fundi Bomba alishusha shati, macho mekundu. "Nimwambie nini? Nilimpa neno langu. Ananisubiri kesho."

"Mwambie huendi."

"Ataniuliza sababu."

Chiriku alimwekea simu mkononi, akamkunjia vidole vyake vikubwa juu yake, kimoja baada ya kingine.

"Mwambie mwanao amekataa."